SOMO: KULALA PORINI SIKU MBILI, KARIBU NA NYUMBANI



Siku moja hapa Griftu tuliuliza watoto wa wanachama: nani amewahi kulala kule ngamia waliko, mbali na mji? Watoto walikuwa 11. Waliinua mkono watatu tu. Nyanya mmoja aliyekuwa anasuka mkeka akacheka, kisha akanyamaza kabisa. Yeye alizaliwa safarini.

Sababu si mnaijua? Ukame wa 2011 ulisukuma familia nyingi mjini. Halafu kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa, mmoja baada ya mwingine, na mifugo ikaisha. Mtoto aliyekua kando ya barabara anajua bei ya sukari, lakini hajui ni mti gani unafaa kufukizia chombo cha maziwa. Na wale wanaojua wanazeeka.

Basi tukaamua kupiga kambi. Watalii hulipa pesa nyingi walale ndani ya hema porini. Sisi pori liko mlangoni, na aqal ni nyumba inayobebwa na ngamia tangu zamani.

Tulichagua mahali pa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ili mtu akiugua arudishwe upesi. Chifu aliarifiwa, na wazee wanaosimamia malisho waliombwa ruhusa. Hakuna ada, lakini ardhi ya jamii haiingiwi kimya kimya. Kama kuna habari mbaya ya usalama, ahirisheni. Kambi itangoja.

Tulikuwa watu 20 kutoka nyumba 14. Kila nyumba ilichanga shilingi 300, na asiyekuwa nazo alileta kuni kavu au mikeka. Kwa pesa hizo tulipata mchele kilo 10, maharagwe kilo 4, unga, sukari, mafuta na majani chai. Maharagwe yachemsheni nyumbani siku moja kabla, maanake porini yatamaliza maji na kuni zenu. Mama mmoja alileta nyirinyiri yake, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, ambayo haitaki friji. Ilikwisha usiku wa kwanza!

Sasa tuseme juu ya maji, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea. Tuliambiwa silanga ya karibu ina maji, tukaamini, tukabeba mitungi minne tu. Tulipofika tulikuta matope na nyayo za mbuzi. Vijana wawili walirudi mjini na punda usiku ule, na watoto walilala na nusu kikombe kila mmoja. Tuliona aibu mbele ya wazazi wao. Tangu siku hiyo hesabu yetu ni hii: mtu mmoja kwa siku lita 5 za kunywa na kupikia, na lita 2 za udhu na vyombo. Watu 20 kwa siku mbili ni lita 280, yaani mitungi 14 ya lita 20. Mikokoteni miwili ya punda inatosha. Maji ya silanga, hata yakiwepo, mtu aende kuyaona kwa macho yake siku moja kabla, na yachemshwe.

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala ya alasiri, tukarudi Jumapili jioni. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi, waliswali kwa wakati wao. Sisi Wakristo wachache tulisali Jumapili asubuhi chini ya mgunga, wakatutunzia chai isipoe. Chagueni usiku wa mbalamwezi, tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, mtaokoa betri za tochi.

Wazazi wengi walikataa wasichana wasiende. Walikuwa na haki ya kuuliza. Tulikubaliana kwamba mama wanne waende, na wasichana walale nao ndani ya aqal katikati ya kambi. Wavulana walilala na wazee upande wa pili wa moto, ndani ya ua wa miiba kwa ajili ya fisi.

Msilale ndani ya laga hata kama mchanga ni laini na mbingu ni safi. Mvua ikinyesha mbali, maji huja usiku bila kubisha hodi. Pia kaeni mbali na vichuguu vya mchwa. Humo hukaa usubi, kale kadudu kadogo ka rangi ya mchanga kanakouma kuanzia magharibi bila kuvuma, na ndiko kanakoleta kala-azari. Ugonjwa huo ulizuka Wajir na Mandera mwaka 2000 na 2001. Vaeni nguo ndefu jioni, laleni ndani ya neti. Mtoto akiwa na homa kwa zaidi ya wiki mbili, anakonda na tumbo linavimba upande wa kushoto, mpelekeni hospitali.

Maziwa ya ngamia pia yachemshwe, kwa sababu ya brusela. Tunajua hapa wengi watatununia. Mzee mmoja alitutazama kana kwamba tumetukana ngamia wake.

Jumamosi asubuhi yule nyanya aliwaita watoto wote, wavulana pia. Akawaonyesha jinsi ya kupinda miti ya aqal, kuifunga kwa kamba na kutandika mikeka. Iliwaanguka mara mbili. Akasema, "Fungeni tena, mimi sina haraka." Mara ya tatu ikasimama. Msichana wa darasa la sita akaingia, akatoka, akauliza, "Ayeyo, nani alikufundisha?" Kikao kizima cha jioni kilikuwa jibu la swali hilo.

Maswali ya kujadili kikundini:

Ni mambo gani wazee wetu wanajua na watoto wetu hawajui? Nani bado yuko hai wa kuyafundisha?

Wazazi wa wasichana wakikataa, tutawajibu nini?

Nani atakwenda kuangalia maji?