Motokari inayotetemeka

Mji wa Bukavu uko juu, karibu mita 1,500, na asubuhi kuna baridi. Shoferi anawasha motokari. Moteri inakohoa, viti vinatikisika. Anangoja kidogo, nayo inatulia. Huo si ugonjwa. Kinachowaka ndani ya moteri ni mvuke wa esanse, na esanse ya baridi haigeuki mvuke upesi.

Lakini pengine moteri imekwisha kupata moto, na bado inatetemeka. Kwa nini?

Milimani watu huchukua mgonjwa kwa kipoyi. Wachukuzi wanne wakienda mwendo mmoja, mgonjwa analala vizuri. Mmoja akijikwaa, kipoyi kinayumba, na wale watatu wanachoka. Moteri ni vivyo hivyo. Motokari nyingi zina silinda nne. Ndani ya kila silinda pistoni inavuta hewa na esanse, inazikaza, kisha buji inatoa cheche. Moto unawaka, unasukuma pistoni chini. Moteri ikizunguka mara 800 kwa dakika moja, kila silinda inasukuma mara 400. Silinda moja ikinyamaza, motokari nzima inatikisika.

Shoferi mmoja aliona hivyo juma zima. Akasema: «Si inakwenda?» Usiku mmoja jirani akamwomba ampeleke mke wake hospitali, kwani uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika. Walipofika kwenye mlima, moteri ikakosa nguvu, ikazimika. Vijana wakaamshwa. Mama akafika salama, lakini alifika kwa kipoyi.

Asubuhi akaitwa fundi.

—Baba, imeanza lini kutetemeka?

—Tangu juma lililopita.

Fundi akangoja moteri ipoe, tena akamfukuza mtu aliyekuja na sigara, maana esanse hushika moto hata kwa mbali. Akafungua buji nne. Tatu zilikuwa kavu, rangi ya udongo. Ya kwanza ilikuwa nyeusi kwa masizi, tena imelowa esanse. Fundi mwenye haraka angalinunua vitu vingi. Huyu aliipangusa tu, akaitia katika silinda ya pili, na ile ya pili akaitia katika ya kwanza. Akawasha, moteri ikatetemeka tena. Akazima, akangoja, akafungua. Sasa iliyolowa ilikuwa silinda ya pili. Ugonjwa umeifuata buji! Basi waya ni mzima, na buji ndiyo mbovu.

Pengine kosa ni maji yaliyoingia katika esanse. Na kama moteri inalia sawasawa lakini motokari inatikisika, fundi hutazama mipira inayoshika moteri, kwani huchakaa.

Fundi akatia buji mpya, akawasha, akaweka kikombe cha maji juu ya kapo. Maji hayakumwagika.

Maulizo. Kwa nini moteri hutetemeka asubuhi ya baridi? Fundi alijuaje kwamba waya ni mzima? Kama ugonjwa ungalibaki katika silinda ya kwanza, angalitafuta wapi?