Hesabu Meno ya Baiskeli Yako

Baiskeli ya gia moja haibadilishi gia njiani. Mlima wa Ngara na barabara tambarare, gia ni ile ile. Basi ijue kabla hujatoa fedha zako.

Tazama mnyororo. Mbele, penye pedeli, umeshika meno. Nyuma, penye friweli, umeshika meno pia. Yahesabu yote.

Tuseme mbele ni 44 na nyuma ni 22. Gawa: 44 ÷ 22 = 2. Ukizungusha pedeli mara 1, gurudumu la nyuma litazunguka mara 2. Meno ya nyuma yakiwa 16, litazunguka karibu mara 3.

Karibu mara 3 hukufikisha mbali upesi, lakini mlimani ni nzito. Mara 2 ni nyepesi mlimani, lakini tambarare utazungusha miguu mno. Mkazi wa milimani, mwambie fundi akufungie friweli yenye meno mengi zaidi. Huenda mnyororo ukahitaji kuongezwa. Huna haja ya baiskeli mpya.

Ukiwa na mkungu wa ndizi kwenye keria na mlima ni mkali, shuka usukume. Si aibu. Kabla ya mteremko, jaribu breki zote mbili. Moja ikilegea, usipande, tembea.

Maswali
1. Baiskeli yako ina meno mangapi mbele? Nyuma je?
2. Gawa. Je, inafaa kwa njia ya kwenu?