Kapita na Maradhi Yake ya Moyo

"Papa, mbwa naye huugua moyo?" Hivyo ndivyo alivyonikabili muuza dawa mmoja wa mjini, ambaye jina lake na la duka lake nayahifadhi kwa kuwa sitaki magomvi, nilipompa karatasi ya tabibu na kumwomba vidonge vya furosemidi vya miligramu 40, na kabla sijafungua kinywa kumjibu alikwisha kuwageukia wateja waliosimama nyuma yangu ili nao washiriki katika stihizai ile, kisha akaniwekea mezani chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto, tena ya rangi ya waridi, akaniambia kwamba mbwa akikohoa hutibiwa kikohozi. Nilitoka bila ya kuaga, jambo ambalo si desturi yangu. Sifichi kwamba makala haya yamezaliwa na ghadhabu ile. Lakini kwa kuwa wako wengi huku Annexe, mjini Lubumbashi, wanaofuga mbwa, na aghalabu mbwa hao huzeeka na kukohoa na kufa pasipo mtu kujua walikuwa na nini, nimeona heri niandike namna ninavyoishi na mbwa wangu mwenye maradhi ya moyo, nianze na dalili, nifuate na tabibu, halafu dawa, na mwisho ulinzi wa usiku, ambao ndio ninaoujua kuliko yote.

Kapita ni mbwa mdogo mweusi, mzee, asiye na nasaba inayojulikana, na jina hilo alipewa na marehemu mjomba wangu aliyefanya kazi chini ya makapita, yaani wasimamizi, wa migodi miaka mingi, akasema hajapata kuona kiumbe mfupi mwenye amri nyingi namna ile tangu alipostaafu. Uani kwetu kuna kichuguu kikubwa, kama vilivyo katika viwanja vingi vya pande hizi, na desturi ya Kapita ilikuwa kukipanda kila alfajiri, akasimama kileleni na kuwabwekea waendesha baiskeli wanaoingiza makaa mjini. Siku moja ya kipupwe, katika mwezi wa Juni, nilimwona amesimama chini ya kichuguu akikitazama, akaweka miguu miwili ya mbele, akaiondoa, akaenda zake kulala. Kikohozi kilikuja baadaye, kikavu, cha usiku zaidi kuliko mchana, na kila aliyekisikia alisema ni vumbi la kiangazi au moshi wa mbabula, yaani jiko la makaa. Basi kwa dalili sina mengi ya kusema zaidi ya hayo: mtazame mnyama wako kwa yale aliyoyazoea, na siku atakapoyaacha usingoje akohoe.

Katika habari ya tabibu, sisi wa Lubumbashi tumejaliwa neema ambayo miji mingi haina, kwa sababu Chuo Kikuu chetu kina Kitivo cha Tiba ya Wanyama, na kwa hiyo waganga waliosomea kazi hiyo hawakosekani mjini. Aliyempima Kapita aliweka kipimo upande wa kushoto wa kifua, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akanipa masikioni nami nisikie: badala ya mapigo mawili yaliyo safi palikuwa na mvumo katikati yake, ambao alisema ni wa daraja la 4 katika madaraja 6. Alinieleza kwamba katika upande wa kushoto wa moyo, baina ya chumba cha juu na cha chini, kuna kilango kinachoitwa vali ya mitrali, na kwamba kwa mbwa wadogo waliozeeka kilango hicho huwa kinene na kukunjamana hata kikawa mfano wa mlango uliovimba kwa mvua, usioingia tena katika fremu yake. Kila moyo unapopiga, sehemu ya damu inayopasa kwenda mwilini hurudi juu ilikotoka. Chumba cha juu hutanuka, hugandamiza njia ya hewa, na hapo ndipo kikohozi kinapotoka. Na siku moyo unapozidiwa kabisa, maji huanza kujikusanya katika mapafu. Mbwa wakubwa wana ugonjwa wao mwingine, ambao ni kulegea na kutanuka kwa nyama yenyewe ya moyo, lakini huo sikuupitia wala siusemei.

Waganga wa moyo wa wanyama waliugawanya ugonjwa huu wa vilango mwaka 2009, na wakaupitia tena mwaka 2019, katika ngazi zinazoanzia A, ambayo ni ya mbwa aliye katika hatari tu, hadi D, ambayo ni ya yule ambaye dawa za kawaida hazimtoshi tena. Kapita wakati ule alikuwa katika B2, yaani moyo umekwisha kutanuka ilhali mapafu yangali makavu, na ngazi hiyo ndiyo yenye faida kubwa kuijua, kwa sababu uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, ulioitwa EPIC, ulionyesha kwamba mbwa wa ngazi hiyo wakipewa dawa iitwayo pimobendani, moyo wao huchelewa kushindwa kwa takriban miezi 15 kuliko wale wasiopewa. Miezi 15 katika umri wa mbwa si haba.

Na hapa niruhusiwe kumrudia yule muuza dawa, maana jawabu lilinijia nilipokwisha kupanda taksibisi, kama ilivyo ada ya majawabu mazuri. Bwana Augustus Waller, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kuandika mapigo ya umeme wa moyo wa mwanadamu mwaka 1887, alipotaka kuwaonyesha wanazuoni wenzake wa Royal Society jijini London mwaka 1909 jinsi mashine yake inavyofanya kazi, alimleta mbwa wake Jimmie, akamsimamisha na miguu yake katika vyombo vya maji ya chumvi, na moyo wa mbwa ukajiandika mbele ya hadhara. Hata bungeni pakaulizwa swali kama mnyama yule aliteswa. Kwa hiyo moyo wa mbwa ulijadiliwa na bunge la Uingereza kabla babu wa muuza dawa yule hajazaliwa.

Dawa. Furosemidi, inayotoa maji mwilini, ni ileile wanayotumia binadamu, nayo hupatikana mjini ukimpata muuzaji mwenye adabu. Pimobendani ndiyo mashaka. Iliyo maarufu ni Vetmedin ya Boehringer Ingelheim, na sehemu kubwa ya ile ninayoitumia hunifikia kwa mkono wa dereva mmoja wa malori ambaye hunijia nayo kupitia Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa, mahali ambapo foleni ya malori yaweza kumzuia mtu hata akasahau alichotumwa. Kwa hiyo naagiza wakati kopo la kwanza lingali nusu, na dereva huniambia, "Mzee, wewe una mbwa au una waziri?" Yeye namsamehe kwa sababu dawa huleta. Nisiowasamehe ni wale wa sokoni wanaouza vidonge vilivyomwagwa katika mfuko wa nailoni, bila ya kopo wala tarehe, wakikuapia kuwa ni vilevile. Kidonge kisicho na kopo lake mimi sikinunui hata nikipewa kwa faranga moja. Pimobendani hutolewa mara mbili kwa siku, saa moja hivi kabla ya chakula. Namna ya kumlisha mbwa kidonge kila mtu anayo yake. Mimi nafinyanga kitonge cha bukari, yaani ugali, kisichozidi ncha ya kidole, na bukari hiyo haimshindi mtu wa Katanga.

Jambo moja katika furosemidi lilitaka kutugombanisha nyumbani. Mbwa aliyepewa dawa hii hukojoa sana, na kwa hiyo hunywa sana, na kama hakunywa figo zake huingia hatarini; lakini zamu wetu, yaani mlinzi wa nyumba, ambaye ni mtu msafi kupita kiasi, aliona kwamba uwanja unalowa, akatumia akili yake, akawa anaficha bakuli la maji nyuma ya mapipa kila magharibi. Nilipogundua nilimwita nikamweleza habari yote, tangu kilango hadi mapafu, naye akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akasema, "Sawa Papa, lakini basi akojoe kwa jirani." Bakuli sasa limefungwa kwa waya kwenye mguu wa meza. Hali kadhalika chumvi: makayabo hayaingii tena katika chakula cha Kapita, hata yakilowekwa usiku kucha, na mama wa nyumbani ambaye kwa miaka alimpa vichwa vya samaki wa chumvi kwa mapenzi amekubali kumpa mapenzi hayo kwa njia ya nyama ya kuku iliyochemshwa peke yake.

Sasa niingie katika ulinzi wa usiku. Tabibu aliniambia jambo moja ambalo limekuwa na thamani kuliko vidonge vyote: kwamba mapafu yanapoanza kuingia maji, kabla ya kikohozi kuzidi na kabla mnyama hajakataa chakula, pumzi za usingizini huongezeka, kwamba mbwa aliyelala kwa utulivu hapaswi kuvuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika, na kwamba mwenye mbwa akizihesabu kila usiku na kuziandika atajua hatari mapema kuliko mganga yeyote. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Unahesabu kwa nusu dakika, unazidisha kwa 2. Ni rahisi kuyasema hayo mchana, ofisini, taa ikiwaka.

Lakini mbwa wangu ni mweusi, na umeme huku kwetu una safari zake. Nikimmulika kwa tochi, anaamka. Nikimwekea mkono ubavuni, anaamka na kunilamba, na pumzi za mbwa mwenye furaha hazina maana yoyote katika hesabu hii. Nilijaribu mshumaa, moshi wake ukamkohoza. Nilijaribu kuinama karibu na pua yake nisikilize, nikasikia pumzi zangu mwenyewe. Hatimaye, usiku mmoja wa giza, tochi ndogo ya kuchaji ilikuwa imeangukia sakafuni nyuma ya mgongo wa Kapita nami nikawa natafuta viatu, na nilipoinua macho nikaona ukutani mbele yangu mlima mweusi unaopanda na kushuka taratibu. Kilikuwa kivuli cha ubavu wake. Hapo nilikaa kitako, nikahesabu pumzi za mbwa wangu bila ya kumtazama mbwa.

Tangu hapo nimeisanifu hila hii, nami naieleza kwa ukamilifu kwa kuwa sijaiona popote. Tochi iwe chini kabisa sakafuni, upande wa mgongo, ili nuru isimfikie machoni, nayo ifunikwe kwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili, maana nuru kali humwamsha hata ikiwa nyuma yake. Kadiri tochi inavyomkaribia mbwa na ukuta unavyokuwa mbali naye, ndivyo kivuli kinavyokuwa kikubwa. Kwangu shubiri moja baina ya tochi na mgongo, na hatua mbili baina ya mbwa na ukuta, hufanya ubavu unaoinuka kwa unene wa kidole uonekane ukiinuka kwa kiganja. Simu iweke itetemeke mkononi ikitimu nusu dakika, isilie, kwa sababu mlio utakuharibia kazi yote. Ukiona masikio yanacheza na miguu inapiga mbio pale alipolala, anaota. Ngoja amalize ndoto, kwani pumzi za ndotoni huenda kasi. Usihesabu katika joto la Oktoba mpaka nyumba ipoe. Na tochi usinunue zile za bei ya chini kuliko zote, ambazo hufa kabla ya mbwa.

Pumzi za Kapita kwa kawaida zilikuwa 20 hadi 24. Katika masika, usiku ambao mvua ilinyesha hata mabati yakatunyima mazungumzo, kivuli kilikuwa na haraka ambayo niliiona kabla ya kuihesabu: 36. Nikangoja, nikarudia: 40. Nikarudia tena: 44. Mchana wake alikuwa amekula, amekojoa kwenye viatu vya zamu, hana dalili yoyote. Nilimpigia tabibu simu nikamsomea daftari, na kwa kuwa lilikuwa na hesabu za kila usiku hakuniuliza kama nina hakika; aliniamuru nimwongezee furosemidi saa ile ile, akanitajia kiasi, na asubuhi nimpeleke. Asubuhi mapafu yalisikika kuwa na maji, si mengi. Akasema kwamba sasa Kapita ameingia ngazi ya C, na kwamba wengi humletea mbwa wa ngazi hiyo wakiwa wamebebwa, ulimi umegeuka rangi. Kapita aliingia kwa miguu yake, akambwekea mbuzi aliyekuwa akingoja zamu yake.

Nilikusudia kuandika pia habari za mazoezi, baridi na gharama, lakini makala yamekuwa marefu: atembee kidogo, asilale kwenye sakafu tupu mwezi wa Julai, na gharama ni kubwa.

Jana alinijia mama wa nyumba ya tatu, ambaye mbwa wake naye anakohoa, akaniomba vidonge viwili vitatu vya Kapita ili ajaribu. Nilimpa tochi badala yake, nikamfundisha, na leo amerudi na karatasi: 22. Nikamwambia, "Mama, hesabu hiyo ni nzuri, mpeleke kwa tabibu asikilizwe kifua, kikohozi kina sababu nyingi, na vidonge vya mwenzake vyaweza kumdhuru." Akanitazama kama mtu aliyenyimwa chumvi na jirani. Ameondoka amenuna, na tochi yangu ameondoka nayo.