Vishikio vya Kupasha Joto kwenye Pikipiki: Pima Umeme Kabla ya Kununua

Mwendesha pikipiki anayeondoka Moshi mjini alfajiri kuelekea Kibosho, Machame, Marangu au Rombo hutoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi ndani ya safari moja fupi. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa takriban mita 800 hadi 900 kutoka usawa wa bahari, ilhali lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro liko karibu mita 1,900. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mwinuko unapoongezeka kwa mita 1,000. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu na manyunyu yanapotanda juu ya migomba na mibuni, tofauti hiyo huhisiwa kwanza kwenye vidole.

Kwa sababu hiyo wapo wanaotaka kufunga vishikio vya kupasha joto, yaani vishikio vya usukani vyenye waya wa joto ndani yake, vinavyotumia umeme wa pikipiki. Kifaa hiki ni cha manufaa kikifungwa kwenye pikipiki inayokimudu. Kikifungwa kwenye pikipiki isiyokimudu, humwachia mmiliki betri iliyokwisha nguvu na taa zisizoaminika, tena usiku na mlimani. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuitambua tofauti hiyo kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini baridi ya mikono ni suala la usalama

Vidole vilivyokufa ganzi hukawia kubana wenzo wa breki na klachi, wala haviwezi kupima nguvu ya kubana. Kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, pikipiki husogea karibu mita 14 kila sekunde. Mkono ukikawia kwa nusu sekunde tu, pikipiki imekwisha kusogea mita 7 kabla breki haijaanza kushika. Katika barabara ya mteremko yenye kona, watoto wa shule na mifugo, mita 7 zaweza kutosha kuleta ajali.

Upepo huzidisha baridi. Hewa ya nyuzijoto 10, ikipiga ngozi iliyo wazi kwa kasi hiyo ya kilomita 50 kwa saa, huhisiwa kama ya nyuzijoto 5 au 6. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuuzuia upepo, na kinga hiyo haihitaji umeme hata kidogo.

Anza na kinga isiyotumia umeme

Vishikio vya kupasha joto hupasha kiganja. Mgongo wa mkono na vidole vya mbele hubaki vikipigwa na upepo. Mtu anayeendesha bila glavu atatumia umeme mwingi na bado atalalamika kwamba kifaa hakifanyi kazi.

Tunashauri mlaji aanze na glavu zisizopitisha upepo wala maji, kisha vifuniko vya mikono vinavyofungwa kwenye usukani, ambavyo mwendeshaji huingiza mikono ndani yake. Kabla ya kulipia vifuniko hivyo, kaa juu ya pikipiki na uhakikishe mambo mawili: kwamba havigusi wenzo wa breki wala wa klachi, na kwamba mikono inatoka mara moja bila kunasa. Kwa safari nyingi kati ya Moshi mjini na vijiji vya jirani, vifaa hivi viwili hutosha. Anayebaki na tatizo baada ya hapo ndiye anayepaswa kuendelea na hatua zinazofuata.

Hesabu ya umeme

Umeme wa pikipiki huzalishwa na kifaa kilicho pembeni mwa injini, ambacho mafundi wengi hukiita magneti. Umeme huo huwasha plagi na taa, na unaobaki huchaji betri. Pikipiki kubwa za safari ndefu hutengenezwa zikiwa na ziada ya umeme kwa ajili ya vifaa vya namna hii. Pikipiki ndogo za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, zinazotumika zaidi kwa bodaboda, zina ziada ndogo.

Hesabu yenyewe ni rahisi: gawanya wati za kifaa kwa volti za betri, upate ampia.

Tuchukue mfano wa pea ya vishikio yenye jumla ya wati 36 kwenye mfumo wa volti 12. Wati 36 ukizigawanya kwa volti 12, unapata ampia 3. Tuseme pikipiki ina ziada ya ampia 1 tu baada ya taa na mahitaji mengine. Ampia 2 zinazopungua zitatoka kwenye betri. Betri ya ampia 5 kwa saa itakwisha kabisa baada ya saa mbili na nusu, lakini itashindwa kuzungusha stata mapema zaidi ya hapo, pengine baada ya saa moja na kidogo. Mwenye pikipiki ya kupiga kiki aweza kuona kwamba hilo si tatizo. Akumbuke kwamba katika pikipiki nyingi honi, taa za kuonyesha kona na taa ya breki hutegemea betri hiyohiyo. Gari linalomfuata kwenye ukungu litamtambua kwa taa hizo.

Kipimo cha kufanya kabla ya kununua

Huna haja ya kununua kifaa ndipo ujue kama pikipiki yako inakimudu. Balbu ya taa ya mbele ya volti 12 na wati 35 hutumia umeme unaokaribia ule wa pea ya vishikio vya wastani. Mwombe fundi umeme wa pikipiki akupimie hivi:

1. Betri iwe nzima na imechajiwa. Injini ipate moto, taa ya mbele iwashwe.
2. Injini izungushwe kwa mwendo wa kawaida wa barabarani, kisha volti zisomwe kwenye ncha za betri kwa kipima umeme. Mfumo mzima wenye afya husoma takriban volti 13.5 hadi 14.5.
3. Balbu ya majaribio iunganishwe kwenye betri kupitia fyuzi ya ampia 5, na volti zisomwe tena baada ya dakika chache. Balbu hupata moto mkali, hivyo iwekwe mbali na tangi la mafuta na plastiki.
4. Volti zikibaki 13.2 au zaidi, pikipiki inamudu. Zikiwa kati ya 12.8 na 13.2, kifaa kitumike kwa kiwango cha chini tu. Zikishuka chini ya 12.8, betri inakamuliwa, usinunue.
5. Kipimo kirudiwe injini ikiwa imeachwa ikinguruma bila kuongezewa mafuta. Volti kushuka hapa ni jambo la kawaida, na maana yake ni kwamba vishikio vizimwe kila unaposimama kijiweni au kwenye foleni.

Ikiwa taa ya mbele ya pikipiki yako hufifia sana kila injini inapopungua mwendo, hiyo ni dalili ya mapema kwamba ziada ya umeme ni ndogo.

Mambo ya kuuliza dukani

Kifaa chenye ubora huandikwa volti, wati au ampia, jina la mtengenezaji na maelekezo ya kufunga. Kisichoandikwa wati hakiwezi kufanyiwa hesabu tuliyoieleza, hivyo tunashauri usikinunue, hata bei yake ikivutia. Rahisi huwa ghali.

Muulize muuzaji pia haya: kipenyo cha usukani kinachofaa, ambacho kwa pikipiki nyingi ni milimita 22; urefu wa vishikio; viwango vya joto vilivyopo; na kama kifaa hujizima chenyewe volti zinaposhuka. Mweleze aina ya pikipiki yako na matumizi unayokusudia, na uombe jibu lake liandikwe kwenye risiti au kwenye ujumbe wa simu. Ukiagiza kupitia mitandao ya kijamii, hifadhi tangazo lenyewe, mazungumzo na uthibitisho wa malipo.

Ikiwa pikipiki bado iko kwenye dhamana, soma masharti ya dhamana kabla nyaya hazijaguswa. Kukata nyaya za kiwandani huweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa madai yako.

Ufungaji: mambo ya kusimamia kwa fundi

Kazi hii ifanywe na fundi anayejua umeme wa pikipiki, nawe uwepo. Hakikisha yafuatayo:

1. Ncha hasi ya betri ifunguliwe kwanza, na irudishwe mwisho wa kazi.
2. Kishikio cha kulia kifungwe kulia na cha kushoto kifungwe kushoto. Cha kulia hukaa juu ya bomba la plastiki la mkono wa mafuta, na cha kushoto hukaa juu ya chuma kinachonyonya joto. Watengenezaji wengine hutofautisha joto la pande hizo mbili kwa sababu hiyo.
3. Itumike gundi inayostahimili joto, na iachwe ikauke kwa muda ulioelekezwa. Kishikio cha mafuta kinachoteleza mkononi ni hatari kuliko baridi yenyewe.
4. Waya wa kulia uachiwe ulegevu wa kutosha. Zungusha usukani hadi mwisho wa kila upande, ukifungua na kuachia mafuta. Mkono wa mafuta lazima urudi wenyewe kila mara, na waya usiguse wenzo wa breki.
5. Fyuzi iwekwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwa ukubwa ulioelekezwa na mtengenezaji. Kwa kifaa cha ampia 3, fyuzi ya ampia 5 hutosha. Kipande cha waya kisiwekwe kamwe mahali pa fyuzi: nyaya hizi hupita chini ya tangi la petroli.
6. Umeme upite kwenye rilei inayowashwa na swichi ya ufunguo, ili vishikio vizimike injini inapozimwa. Vikiungwa moja kwa moja kwenye betri, siku utakayosahau kuzima utaikuta betri imekwisha.
7. Viungo vyote vya nyaya vifunikwe visipenye maji, na nyaya zifungwe mbali na injini na bomba la moshi.

Baada ya kufunga, rudieni kipimo cha volti. Safari ya kwanza iwe fupi, mchana, karibu na fundi. Ukisikia harufu ya kuungua, ukaona fyuzi inakatika mara kwa mara au kishikio kimoja kikizidi joto, zima kifaa na urudi kwa fundi. Usiongeze ukubwa wa fyuzi.

Haki zako kifaa kikiwa na kasoro

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Ndiyo maana tumesisitiza kumweleza muuzaji aina ya pikipiki na kupata jibu la maandishi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza upotoshaji wa walaji katika biashara.

Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti ya kielektroniki, kifaa chenyewe na maelezo mafupi ya tatizo yaliyoandikwa tarehe. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) yanapohusu udanganyifu au bidhaa bandia, au Shirika la Viwango Tanzania (TBS) yanapohusu ubora na usalama wa bidhaa. Tenganisha pia kosa la kifaa na kosa la ufungaji. Kwa ajili hiyo, dai stakabadhi ya fundi inayoonyesha kazi aliyoifanya na volti alizosoma kabla na baada ya kufunga.

Maswali ya kujipima

1. Pea ya vishikio imeandikwa wati 24 kwa mfumo wa volti 12. Itatumia ampia ngapi?
2. Volti za betri zimeshuka hadi 12.5 balbu ya majaribio ikiwaka na injini ikizunguka kwa mwendo wa barabarani. Utanunua kifaa hicho?
3. Fundi anasema rilei haina haja kwa kuwa utakumbuka kuzima. Utamjibu nini?

Majibu: (1) Ampia 2. (2) Hapana, tumia glavu na vifuniko vya usukani, na umwombe fundi akague mfumo wa kuchaji. (3) Umeme upite kwenye rilei inayotii ufunguo. Usalama wa betri usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyechoka.