Chesi: Ushauri Upi Uufuate, Upi Uuache Kijiweni

Ukishuka Ikungi kwenye barabara kuu ya Dodoma–Singida, mchezo wa ubao utakaoukuta kwanza chini ya mti ni drafti, siyo chesi. Vizibo vya soda vya rangi mbili, ubao uliochorwa kwa mkono, wachezaji wawili na makocha kumi. Makocha ndio wengi siku zote. Kila mmoja ana lake, na analisema kwa sauti.

Likizo ndefu iliyopita niliwafundisha chesi vijana saba wa sekondari pale nyumbani, jioni baada ya shule. Tulichora ubao kwenye kipande cha boksi, kete tukazichonga kwa maganda ya boksi hilohilo. Wiki ya pili walibaki wanne. Watatu walioondoka hawakushindwa kujifunza farasi anavyoruka. Hilo walilimaliza siku ya kwanza. Waliondoka kwa sababu kila walipopoteza mchezo walipewa ushauri, wakaufuata, wakapoteza tena. Na hapa chuoni mambo ni yaleyale. Mwaka wa kwanza anakaa kwenye kimbweta, anauliza, "Nifanyeje niwe mzuri?" Anajibiwa na watu watano, majibu matano. Kabla bumu la pili halijaingia ameshaacha.

Basi tuuchambue ushauri huo mmoja mmoja. (Wazee na vitabu husema sataranji, mimi nitasema chesi kwa sababu ndivyo tunavyosema. Kete ninaziita mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari.)

Tuanze na ushauri wa drafti: ukiona cha kula, kula. Kwenye drafti yetu kula ni lazima, usipokula umevunja sheria. Ndiyo maana fundi wa drafti anakulisha kizibo kimoja makusudi, unakula kwa kulazimishwa, halafu yeye anazoa vitatu. Kijana akihamia chesi anabeba ile tabia ya kula na kuacha ule ujanja wa mlishaji. Kwenye chesi hulazimishwi kula chochote. Lakini msije mkamwambia mtu asahau drafti! Mcheza drafti ana mali kubwa tayari: anajua kwamba chakula cha bure kina mwenyewe. Mwambie tu alihamishe swali lake. Kabla ya kula aulize, "Huyu ananipa kwa nini?" Na kabla ya kuachia kete yake aulize, "Nikiiweka hapa, naliwa na nani?" Ukiwa bado mwanafunzi wa mchezo huu, maswali hayo mawili yanakupa ushindi mwingi kuliko kitabu chochote, maana michezo mingi ya wanaoanza haiamuliwi na mipango mikubwa. Inaamuliwa na ngome iliyoachwa wazi.

Wenzetu wanaotoka pwani waliokulia kwenye bao nao wana mali yao, ya kuhesabu kimyakimya. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Chesi ina miraba 64 na kete 32. Sijui kama kuna maana yoyote hapo, ila inapendeza.

Ushauri wa pili ndio ulioniudhi zaidi: meti ya hatua nne. Kila kundi lina mtu anayewafundisha wageni kumtoa malkia mapema hadi h5, askofu hadi c4, kisha malkia anakula f7 na mchezo umekwisha. Inafanya kazi kwa asiyeijua. Ikungi ilifanya kazi siku mbili, na wawili kati ya wale watatu walioacha waliacha baada ya kufungwa hivyo mbele ya watu, wakachekwa. Dawa yake ni nyepesi. Nyeusi ameshasogeza askari e5. Malkia akija h5, toa farasi c6 kulinda askari wako. Askofu akija c4, sogeza askari g6, malkia afukuzwe. Akirudi f3 akitishia f7 tena, toa farasi wa pili f6. Sasa hesabu: wewe umetoa farasi wawili sehemu nzuri, mwenzako amemtembeza malkia mara mbili bure. Ubaya wa ushauri huu ni kwamba anayeushika anajifunza kucheza akiomba mwenzake asione. Siku atakapokutana na anayeona, hana kitu kingine mfukoni.

Binamu wa ushauri huo ni kukariri fungua-mchezo. Watu wanamaliza bando kwa video za hatua kumi na tano za mwanzo, majina marefu ya kizungu, halafu hatua ya tano mwenzao anacheza kitu ambacho hakimo kwenye video na wao wanaganda. Kwa miezi ya kwanza yanatosha haya: shika katikati kwa askari, toa farasi na maaskofu, mweke mfalme mahali salama nyuma ya ngome, usiirudie kete ileile bila sababu. Basi. Kukariri kutakuja baadaye, utakapoanza kupoteza kwa sababu ya ufunguzi na siyo kwa sababu ya kuliwa bure.

Kisha kuna ule wa wasomi: "Fikiri hatua kumi mbele." Unasikika wa heshima, na umewatisha wengi. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, aliwakalisha wachezaji wa viwango tofauti mbele ya ubao na kuwaambia wafikiri kwa sauti. Kazi yake ilitoka 1946. Hakukuta kwamba mabingwa wanachungulia mbele sana kuliko wengine. Alikuta kwamba hatua wanazozifikiria tangu mwanzo ndizo nzuri. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha watu ubao kwa sekunde tano na kuwataka waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa aliurudisha vizuri kuliko anayeanza, kwa mbali. Lakini kete zilipomwagwa ovyo, bila mpangilio wa mchezo halisi, ubingwa wa kumbukumbu ukayeyuka karibu wote. Maana yake bingwa hana kichwa cha ajabu. Ana hazina ya picha alizokwisha kuziona, kama mfugaji anavyomtambua ng'ombe wake katikati ya zizi bila kuhesabu pembe.

Picha hizo unazipata kwa kutatua mafumbo: farasi anayetishia mfalme na ngome kwa mpigo mmoja, askofu anayembana farasi asiweze kuondoka, ngome inayopiga meti mstari wa mwisho. Chukua mafumbo rahisi kama hamsini. Yatatue. Wiki ijayo yatatue tena yaleyale, na ijayo tena, mpaka jibu lije kabla hujafikiri. Tovuti ya Lichess inayatoa bure, haina matangazo wala malipo. Kama bando ni tatizo, siku una intaneti ya chuo yanakili kwenye daftari, ubao mdogo kwa kila fumbo. Kule Ikungi tulifanya hivyo, na kule kuchora kwenyewe kulifundisha.

"Cheza sana, utazoea." Huu una ukweli nusu. Usipocheza hutajua kitu. Lakini michezo ya dakika tatu usiku kucha kwenye simu, moja baada ya nyingine, inakuzoesha makosa yako mwenyewe hadi yanakuwa tabia. Neil Charness na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti juu ya wachezaji wa mashindano, wakakuta kwamba kilichohusiana zaidi na kiwango cha mtu ni saa alizotumia kujifunza peke yake kwa umakini, kuliko hata saa za mashindano. Sisi wenye sapu tunalijua hili, ila hatulipendi: kukaa kwenye majadiliano ya kikundi ni kitu kimoja, kupiga msuli mwenyewe ni kingine.

Kujifunza peke yako maana yake ni nini hasa? Kwa mtazamo wangu, kitu cha kwanza ni kuandika michezo yako, hasa uliyofungwa. Andika kila hatua wakati unacheza. Ukimaliza, kaa na mwenzako mtafute pale ilipogeuka, kwa vichwa vyenu, bila simu. Andika sentensi moja: "Sikuona kwamba askofu wake anatazama g2." Baada ya hapo ndipo ufungue kompyuta ikukosoe. Ukianza na kompyuta itakuambia hatua bora na hutajua kwa nini hukuiona. Ni sawa na kunakili majibu ya mtihani uliopita. Msichana mmoja kati ya wale wanne aliandika michezo kumi na moja, na kwenye saba sentensi ilikuwa ileile: alisahau farasi wa mwenzake. Hakuna kocha wa kijiweni angeweza kumwambia hilo. Makocha wale humwambia mtu kete ya kusogeza sasa hivi, hawamwambii anachokosea kila siku.

Kuna ushauri mwingine wa zamani ambao naukubali: anza na mwisho. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alisisitiza kwamba mwisho wa mchezo ufundishwe kabla ya mengine. Chukua ubao ujionee. Mfalme mweupe yuko e5, askari wake e6. Mfalme mweusi yuko e7, hana kitu kingine, na zamu ni yake. Ana miraba mitatu tu ya kurudi: d8, e8, f8. Yote inafanana kwa macho. Sasa rudi f8: mweupe anakwenda f6, wewe e8, askari anafika e7, unalazimika kwenda d7, mfalme wake anaingia f7 na askari anakuwa malkia. Umefungwa. Ukirudi d8 ni hivyohivyo, upande wa pili. Lakini rudi nyuma wima, e8. Akija d6, wewe d8, uso kwa uso. Akija f6, wewe f8. Akisukuma askari e7, rudi e8 umzuie. Sasa akiingia e6 kumlinda askari, huna pa kwenda na hujatishiwa: sare. Akimwacha, unamla: sare vilevile.

Kete tatu ubaoni, na tofauti ya kufungwa na sare ni hatua moja ya mraba mmoja. Tulirudia hili jioni nzima, tukibadilishana pande. Kijana akishalielewa anaanza kucheza tofauti hata katikati ya mchezo, kwa sababu sasa anajua ni kwa nini askari mmoja aliyempoteza mapema ni tatizo.

Nimalizie na kauli inayowaua wengi: "Umechelewa, hawa huanza utotoni." Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianza 2005 akiwa bado mtoto, hakuwa na shule ya uhakika wala ubao wake. Mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi, na 2012 Istanbul akapata cheo cha kimataifa. Filamu ya 2016 mmeiona wengi. Sisemi mtu wa miaka ishirini na mbili atafanya hivyo. Kuanza mapema kunasaidia, tusidanganyane. Ila Fernand Gobet na Guillermo Campitelli, walipowachunguza wachezaji wa Argentina mwaka 2007, walikuta waliofikia umasta walitumia saa tofauti mno, wengine kama 3,000 na wengine zaidi ya 23,000. Hakuna saa moja inayomhusu kila mtu, na hakuna wa kukutajia yako.

Kinachosahaulika kwenye habari ya Katwe ni jinsi Robert Katende alivyoendesha darasa lake. Watoto walikuja kwanza kwa ajili ya uji, na aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Mutesi mwenyewe alifundishwa mwanzoni na msichana mdogo kuliko yeye. Hilo tunaliweza hapa chuoni bila bajeti ya serikali ya wanafunzi. Ukishajua sare ya hatua ile ya e8, mtafute mwaka wa kwanza mmoja umwonyeshe, na akisogeza vibaya usimshike mkono. Mwache arudi f8, afungwe, apange kete upya.