SOMO LA MWEZI: Aliyepewa Jembe Apewe na Haki



Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na huyo aliyeshika jembe mpaka akazeeka nalo, je, bado ni mgeni?

Tuchukue mfano wa Wamakonde wa Kwale. Tangu miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa hapa. Uhuru ulipokuja 1963, wengi hawakuhesabiwa kuwa raia. Jembe walipewa, kitambulisho wakanyimwa.

Bila kipande, mtu ataishije? Hafungui akaunti benki. Haandikishi shamba kwa jina lake. Hapigi kura. Hata laini ya simu huandikishwa kwa jina la jirani, na jirani akigeuka, pesa zimekwenda.

Wamakonde hawakukaa kulia tu. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, wakiwa pamoja na watetezi wa haki. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, akaagiza wapewe vitambulisho. Mwaka wa 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Baadaye Wapemba nao walipata uraia, mwaka wa 2023.

Katiba ya 2010 yasemaje?

Kifungu cha 12: kila raia ana haki ya kupata hati za usajili.
Kifungu cha 27: ni marufuku kumbagua mtu kwa kabila, rangi, dini au lugha yake.
Kifungu cha 56: Serikali iweke mipango ili jamii ndogo zishiriki katika uongozi, zipate elimu, kazi, maji na matibabu.

Na sisi je?

Tusiilaumu Serikali peke yake. Tukifanya mkutano kwa lugha ya mama ilhali mmoja wetu haielewi, tumemfungia mlango. Tukisema "huyu ni wa kuja, asishike uhazini", tumembagua, hata kama amelipa michango yote. Siku ya kuchimba kisima twamwita. Siku ya kugawa maji twamsahau. Hiyo si haki.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni nani wasio na kitambulisho? Ni kwa sababu gani?
2. Viongozi wa kikundi wametoka jamii ngapi? Wanachama je?
3. Kuna jina la dharau tunalowaita jirani zetu? Wao husikiaje?

Kazi ya mwezi huu

Mchague wanachama wawili wamsindikize jirani mmoja asiye na kipande kwa chifu, kisha kwa ofisi ya usajili. Andikeni tarehe na majibu mliyopewa. Mtu akienda peke yake huambiwa arudi kesho. Wakienda watatu, husikizwa.