SOMO KWA MAKATIBU: ALAMA YA MKATO NA FEDHA ZA MWANACHAMA

Katibu wa chama cha msingi anayepokea alizeti katika kata kama Ulemo, wilayani Iramba, huandika daftarini namba ya mwanachama, zao, kilo na fedha anazostahili. Daftari limechorwa mistari, hivyo kila jambo hukaa katika safu yake.

Faili ya kompyuta iitwayo CSV haina mistari ya kuchora. Badala yake ina kanuni: mstari wa kwanza hutaja majina ya safu, kila pokezi hupewa mstari wake, na alama ya mkato hutenga safu na safu. Kwa mfano:

namba,zao,kilo,shilingi
14,alizeti,60,48000

Hatari imo katika mazoea. Daftarini fedha huandikwa 48,000. Mkato huo ukiingizwa katika faili, kompyuta huhesabu safu tano badala ya nne, na mwanachama anayestahili shilingi elfu arobaini na nane huonekana anadai shilingi 48. Kwa hiyo tarakimu ziandikwe bila mkato, ama zifungwe kwa alama za kunukuu: "48,000". Kanuni ya kufunga hivyo imo katika waraka RFC 4180 wa mwaka 2005.

Kabla ya kutuma faili, katibu ahakikishe kwamba kila mstari una safu sawa, kisha alinganishe jumla ya kilo na ya fedha na daftari. Mwanachama naye alinganishe orodha ya malipo na stakabadhi yake kabla ya kutia sahihi.